Gari Kuukuu Kigoma: Kipi Ukifanye Mwenyewe, Kipi Umwachie Fundi

Gari lililotembea miaka ishirini na zaidi halikosi la kusema. Leo ni mlio kwenye gurudumu la mbele, kesho ni oili iliyodondoka usiku, kesho kutwa linachemsha likipanda kutoka ufukweni kwenda Mwanga. Kila linaposema, mwenye gari hujikuta na njia mbili: alipeleke gereji alipie, au anunue spana aingie uvunguni mwenyewe. Wengi huamua kwa kutazama mfuko. Fedha ikiwepo, gereji. Fedha ikikosekana, mwenyewe. Kipimo hicho hakitoshi, na kimewaingiza watu wengi kwenye gharama ambazo hazikuwa na ulazima.

Kwa mtu wa Kigoma na Ujiji, kinachokula fedha ya gari kuukuu mara nyingi si mkono wa fundi. Ni kubahatisha: kununua spea kabla ya kujua ugonjwa. Ukilielewa hilo, swali la kutengeneza mwenyewe au kumpa fundi linakuwa jepesi zaidi, kwa sababu unajua nguvu zako uzielekeze wapi.

Bili ya gereji imebeba nini

Ukilipa gereji unalipa vitu vitano, ingawa fundi atakutajia viwili tu. Anachotaja ni ufundi na spea. Visivyotajwa ni nauli ya spea, siku za gari kulala, na makosa ya kutambua ugonjwa.

Nauli ya spea ni kubwa huku kwetu kuliko kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam. Mtu wa Ilala akiambiwa pampu ya maji imekufa, anakwenda Kariakoo au Gerezani kwa miguu, anarudi nayo mchana. Ikiwa si yenyewe, anairudisha kabla duka halijafungwa. Sisi tuko mwisho wa Reli ya Kati, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar kwa njia ya reli. Spea za kawaida za Corolla, IST, Noah na Hiace utazipata madukani mjini, lakini ukitaka kitu kisichotoka kila siku, unaagiza. Unatuma fedha, mtu anatafuta, anafunga mzigo, basi linasafiri zaidi ya mchana kutwa, unakwenda kupokea. Ikija isiyoingia, unaanza upya, na aghalabu muuzaji hataki kuipokea kwa sababu imeshafungwa na kufunguliwa.

Siku za kulala nazo zina bei. Dereva wa teksi au wa Hiace ya Mwanga na Ujiji anajua: hesabu ya bosi haisubiri spea ifike. Mwenye Kirikuu anayebeba dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi akikosa siku tatu, wateja wake wameshampata mwingine. Hata gari la nyumbani likilala, bodaboda ya watoto kwenda shule inalipwa kila asubuhi. Hesabu hizo hazimo kwenye karatasi ya gereji, lakini zimetoka mfukoni mwako.

Gharama ya tano, kubahatisha, ndiyo inayozizidisha hizo nyingine zote.

Ugonjwa mmoja, spea tatu

Chukua tatizo linalowasumbua wengi hapa: gari linachemsha. Dereva anapanda mlima polepole akiwa na abiria wanne, sindano ya joto nayo inapanda. Anaingia gereji iliyo karibu. Anaambiwa rejeta imeziba, inanunuliwa ya mtumba. Siku mbili shwari, siku ya tatu linachemsha tena. Sasa inatajwa pampu ya maji, inaagizwa Dar. Inafungwa, linachemsha. Inatajwa gasketi ya silinda hedi, hedi inafunguliwa. Mwisho wa yote inagundulika kuwa feni haikuwa inawaka kwa sababu relei yake imeungua. Kile kidude kidogo kimelipiwa rejeta, pampu, gasketi na wiki mbili za kulala.

Kujua ugonjwa huo hakukuhitaji gereji. Kulihitaji asubuhi moja ya utulivu, na mtu anayefaa zaidi kwa kazi hiyo ni mwenye gari, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo lilipochemsha. Fuata mpango huu.

Anza kwa kujiuliza lilichemsha wakati gani. Likichemsha limesimama au likitembea polepole, lakini likipoa ukiwa kwenye lami na upepo, shuku feni. Likichemsha kwenye mlima na mwendo mkubwa, huku likiwa shwari mjini, shuku rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vizuri. Kumbukumbu hiyo peke yake inaweza kukuokoa na ununuzi wa kwanza usio wa lazima.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yale huruka kwa nguvu na yameshaunguza nyuso za watu. Kama maji yamepungua, tafuta yanakokwenda: tone chini ya pampu, alama za ukoko kwenye maungio ya mipira, zulia lililolowa upande wa ndani miguuni mwa abiria. Vuta kijiti cha oili na utazame pia chini ya mfuniko wa kujazia oili. Ukikuta oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini, usiliwashe tena. Kama oili ni safi, washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, utazame dakika chache za mwanzo. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gesi inayopenya kwenye gasketi. Zima, funga mfuniko, washa tena, uache injini ipate joto lake la kawaida. Feni ya umeme inapaswa kuwaka yenyewe. Isipowaka, angalia fyuzi na relei kwanza. Feni ikiwaka, linganisha mpira wa juu na wa chini wa rejeta kwa kusogeza mkono karibu nayo: wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini baridi, maji hayazunguki, na themostati ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Hapo bado hujatumia hata shilingi. Na ukienda gereji sasa, husemi "fundi, gari linachemsha". Unasema "fundi, linachemsha likisimama, maji hayapungui, oili safi, feni haiwaki". Kazi iliyobaki ni fupi.

Nitaje mambo mawili ya kwetu yanayohusu kuchemsha. La kwanza ni maji ya kujaza. Maji ya Ziwa Tanganyika ni matamu kunywa lakini yana madini mengi, hasa magnesi, na ualikali wake unakaribia pH 9. Ukiyachota Katonga ukayamimina kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, yanaacha ukoko kwenye vijia vya injini na rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au kulanti na maji yaliyosafishwa kama yale ya betri. Maji ya ziwa yawe ya dharura ya kukufikisha nyumbani. La pili ni tabia ya kung'oa themostati na kuitupa kwa imani kwamba nchi ya joto haiihitaji. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, kompyuta ya gari inadhani bado ni baridi na kuongeza mafuta, na injini inachakaa upesi. Ikifa, funga mpya.

Maswali matatu kabla ya kushika spana

Ukishajua ugonjwa, ndipo uamue nani atibu. Jiulize haya.

Nikikosea, nini kitaharibika? Ukikosea kubadilisha filta ya hewa, hakuna kitu. Ukikosea kufunga breki, unaweza kuua mtu kwenye mteremko wa Manyovu.

Kazi hii inarudi mara ngapi? Oili inabadilishwa mara kadhaa kwa mwaka, hivyo ukijifunza mara moja, ujuzi unalipa kila mara. Kufungua gia boksi ni kazi ya mara moja baada ya miaka mingi; utaisahau kabla haijarudi.

Inahitaji kifaa gani? Kama inahitaji spana za kawaida, ni ya kwako. Kama inahitaji mashine ya kusawazisha hedi, presi ya kutolea beringi au kifaa cha kupimia nozeli, mlipe mwenye nacho. Kukipiga nyundo kile kinachotakiwa kubanwa kwa presi ni kuanzisha ugonjwa mwingine.

Kazi isiyo na madhara makubwa ikikosewa, inayorudi mara kwa mara, na inayohitaji spana tu, ifanye mwenyewe hata kama una fedha. Kazi inayogusa uhai, au inayohitaji mashine, mpe fundi hata kama huna fedha. Liache gari likae mpaka uipate. Zilizo katikati zina njia yake, nitazieleza.

Zilizo zako

Ya kwanza ni oili. Toyota nyingi ndogo zinameza lita tatu na nusu hadi nne pamoja na filta. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ inameza zaidi ya lita 9. Endesha gari kidogo oili ipate uvuguvugu, lisimamishe mahali tambarare, funga breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu. Kizibo cha chini kwenye Toyota nyingi hufunguka kwa spana namba 14. Oili ikishuka, tazama mafuta yale kwenye beseni: vumbi la chuma linalong'aa ni habari mbaya, na usingeliona kama oili ingemwagwa gereji ukiwa umekaa kibandani unakunywa chai. Filta mpya ipake oili kidogo kwenye mpira wake, uikaze kwa mkono, si kwa spana. Kizibo ukikaze kikae, usikikaze kwa hasira. Wengi wameua meno ya sampu kwa kukaza kupita kiasi. Jaza, washa, zima, subiri, pima kwa kijiti.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala ufukweni. Mitaro ya mji huu inashuka ziwani, na ziwa hilo ndilo tunalokunywa na ndilo linalotupa migebuka na dagaa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, na maji yake hubadilika taratibu mno. Tunachokiingiza leo kitakaa na wajukuu zetu. Ihifadhi kwenye dumu. Mafundi wa mbao na wenye nguzo za uzio huitafuta kwa ajili ya mchwa.

Ya pili ni filta ya hewa. Kiangazi cha Juni hadi Septemba kina vumbi jekundu linalozifunga filta upesi, hasa kwa anayeingia vijijini nje ya lami. Itoe, ikung'ute, itazame kwenye mwanga wa jua. Isipopitisha mwanga, badilisha.

Ya tatu ni plagi na koili kwa magari ya petroli. Gari likitetemeka na kukosa nguvu, usinunue koili nne. Kwenye magari kama IST, ambako kila plagi ina koili yake, hamisha koili moja kutoka silinda hii kwenda ile. Ugonjwa ukihama nayo, umempata mgonjwa. Usipohama, koili ile ni nzima, tazama plagi.

Ya nne ni umeme wa kuanzia. Watu wengi wamenunua betri mpya wakati aliyekufa ni altaneta, na wiki haikuisha betri mpya nayo ikalala. Nunua mita ndogo ya umeme. Asubuhi kabla hujawasha, betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kushuka, altaneta haichaji. Ikichaji vizuri lakini asubuhi betri imeshuka, ama betri imechoka au kuna kitu kinachonyonya usiku, mara nyingi ni redio au kengele ya wizi iliyofungwa ovyo. Safisha na kaza vichwa vya betri kabla ya yote. Ukoko tu unatosha kulifanya gari ligome.

Ya tano ni uvungu na grisi, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi kando ya ziwa. Gari linalobeba chumvi ya Uvinza, au dagaa wanaochuruzika, linaoza kuanzia sakafuni. Lioshe uvunguni kwa maji mengi baada ya kila mzigo, si bodi ya juu tu. Na lile lililozoea kurudi kinyumenyume majini mwaloni kupakia au kuoshwa linaingiza maji kwenye beringi na kwenye difu. Fungua kizibo cha difu, chovya kidole: oili ikiwa imegeuka maziwa, badilisha siku hiyohiyo. Land Cruiser na Hilux za zamani zina nipo za grisi kwenye propela na sehemu nyingine. Pampu ya grisi ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa vitu vya bei kubwa.

Kigoma ina ushahidi wake wa thamani ya grisi. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikasafirishwa baharini hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa na kuingia majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma waliizamisha kwa mikono yao, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zile zilikutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Iliendelea na mvuke hadi ilipofungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Kazi ya mafundi wale haikuwa ya gharama kubwa. Ilifanywa kwa wakati wake. Matengenezo ya gari kuukuu yako hivyo hivyo.

Zilizo za fundi

Breki: zikague mwenyewe kila mwezi, uone unene wa pedi na kama kuna unyevu kwenye mipira. Pedi ikifika milimita 3, badilisha. Kazi ya kuzifunga na kutoa hewa mwachie fundi, mpaka utakapofundishwa na kusimamiwa.

Usukani na miguu ya mbele: boljointi na tairodi zikikatika njiani, usukani haukusikii tena. Springi za shokapu zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Usizifungue bila kifaa chake.

Mkanda wa taimingi: injini nyingi za dizeli, kama 1HZ na 3L, zinautumia, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kwa 1HZ ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi. Kama umenunua gari la mnadani bila rekodi, chukulia kwamba haujawahi kubadilishwa. Injini kama 1NZ ya IST inatumia cheni. Usikubali kuuziwa mkanda usiokuwepo.

Dizeli za kisasa: mfumo wa mafuta wa injini kama 1KD ya Hiace na Prado unafanya kazi kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara 1,000. Ukilegeza bomba injini ikinguruma, dizeli inapenya ngozi na kuharibu nyama ndani. Usiguse. Mfumo wa mifuko ya hewa ya usukani nao uache.

Gia boksi otomatiki: oili yake si moja kwa magari yote. Ya CVT si ya otomatiki ya kawaida, na kuchanganya huua gia boksi. Soma maandishi ya gari lako, na mwambie fundi akuonyeshe kopo kabla halijafunguliwa.

Na neno moja la uhai kwa kila anayeingia uvunguni: usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki hushuka. Tofali la kuchoma na la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Tumia stendi za chuma, au magogo mazito ya mbao ngumu, na tairi la akiba lilaze chini ya bodi kama kinga ya mwisho.

Zilizo za pamoja

Kazi za katikati, kama kubadilisha pedi, pampu ya maji, stata au altaneta, zifanye pamoja na fundi. Mlete nyumbani siku ya mapumziko yake, au nenda gerejini asubuhi, umwambie wazi kwamba unataka kushika spana na utamlipa kwa kukusimamia. Wengi hukubali, na ada yao ndiyo shule yako. Anayetaka kujifunza kwa mpango aulizie kozi fupi kwenye chuo cha VETA Kigoma.

Spea ifuatilie mwenyewe hata kama kazi ni ya fundi. Soma namba ya fremu kwenye kibati cha gari. IST ya NCP60 na ya NCP61 zinafanana kwa macho, lakini moja ina injini ya 1300 na nyingine ya 1500, na si kila kitu kinaingiliana. Mtumie muuzaji namba hiyo, picha ya spea ya zamani kutoka pande zote, na namba iliyochapwa juu yake kama ipo. Umwombe akupigie picha ya ile anayoifunga kabla haijapanda basi. Kwa altaneta, stata, rejeta au gia boksi, mtumba halisi kutoka Japani mara nyingi hushinda mpya ya bandia. Kwa pedi, mikanda, sili, filta na themostati, mtumba hauna maana; nunua mpya kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Kukaa vizuri na fundi

Kujua gari lako hakukufanyi uwe mshindani wa fundi. Kunakufanya mteja anayeheshimika. Mazungumzo yawe hivi:

"Bosi, hii pampu imekwisha."

"Sawa fundi, umeipimaje?"

"Inavuja hapa chini, na ukiitikisa ina mchezo."

"Nionyeshe. Basi tuibadilishe, ile ya zamani nitaondoka nayo."

Ndiyo hivyo, bila ugomvi na bila kudharauliana. Fundi mwaminifu atafurahi kukuonyesha. Anayekasirika kwa kuulizwa amepimaje, mshukuru, uondoke. Mkubaliane bei ya ufundi kabla ya kufungua chochote, mkubaliane pia kwamba akikuta jambo jipya atakupigia simu kabla ya kulishika. Na bei ikiwa ya haki, usimbane fundi mpaka apate hasara. Anayefanya kazi kwa hasara atairuka hatua moja, na itakuwa ile usiyoiona.

Hesabu ya vifaa

Seti ya spana na soketi namba 8 hadi 19, bisibisi, plaizi, spana ya nati za magurudumu, mita ya umeme, pampu ya grisi, stendi mbili na beseni la oili vinatosha kuanzia. Tuseme, kwa mfano tu, vimekugharimu shilingi 200,000, na gereji yako inatoza 20,000 kwa kila sevisi. Gari la biashara linalofanyiwa sevisi kila mwezi litakuwa limerudisha fedha hiyo ndani ya miezi kumi. Gari la nyumbani la sevisi nne kwa mwaka litachukua miaka miwili na nusu, kwa hiyo kwako vifaa vinalipa zaidi kwa uchunguzi kuliko kwa sevisi: kuepuka spea moja tu isiyo ya lazima kunaweza kurudisha bei ya seti nzima. Weka namba zako halisi, usitumie zangu.

Ongeza kifaa kimoja kisichouzwa duka la spea: daftari. Andika tarehe, kilomita, kilichofanyika, spea iliyofungwa na bei. Baada ya mwaka, daftari litakujibu swali gumu kuliko yote, la lini uachane na gari. Jumlisha matengenezo ya miezi 12, uyaweke kando ya bei ambayo gari lingeuzwa leo, na kando ya gharama ya kupata jingine pamoja na ushuru, maana gari la umri mkubwa linaloingizwa nchini hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kama fedha nyingi imekwenda kwenye vitu vinavyochakaa kwa kawaida, tairi, pedi, betri, shokapu, gari lako ni zima, liendeleze. Kama imekwenda kwenye injini, gia boksi na fremu iliyooza, na orodha inakua, liuze likiwa bado linatembea.

Jumamosi hii anza na kidogo: pima oili na maji injini ikiwa baridi, pima betri kwa mita, piga magoti utazame uvungu, uandike ulichokiona. Fanya hivyo kila wiki. Siku ugonjwa utakapokuja, na kwa gari kuukuu utakuja, utafika gerejini na dalili zilizoandikwa badala ya wasiwasi. Fundi atafanya kazi anayoijua, spea itaagizwa mara moja, nawe utalipia matengenezo, si kubahatisha.